Sema Kasoro Kabla Hujaulizwa

Somo: Mambo ya Walawi 19:35-36, Mithali 20:14, Mwanzo 23

Mahubiri mengi huanza na makosa ya watu wengine. Haya yanaanza na makosa yangu. Niliyasema Jumapili nikiwa nimesimama mbele yenu, na ambao hamkuwepo mtayasoma hapa. Ni afadhali myapate kutoka kwangu kuliko kuyapata barabarani.

Wengi wenu mko katika yale magrupu ya mnada ya WhatsApp. Kwa wazazi wetu wasioyajua, wacha nieleze kidogo. Mtu ana kitu anataka kuuza: meza, simu, jiko la gesi, baiskeli ya mtoto. Anapiga picha, anaituma kwenye grupu na kuandika bei ya kuanzia. Watu wanaanza kutaja: huyu 3,000, yule 3,500, mwingine 4,000. Ikifika saa tatu usiku mnada unafungwa, na aliyetaja bei ya juu ndiye mnunuzi. Anatuma pesa kwa M-Pesa, muuzaji anapeleka mzigo kwenye ofisi ya vifurushi ya matatu, na kesho yake mzigo uko mji mwingine. Hawa wawili hawajawahi kuonana, na pengine hawataonana mpaka siku ile tutakaposimama sote mbele za Mungu.

Ni biashara nzuri. Nimeona akina mama wa kanisa hili wakilisha watoto wao nayo. Lakini ni biashara inayofanyika gizani kidogo, na gizani ndipo moyo wa mtu hujulikana.

Cherehani yangu

Desemba iliyopita karo ya Januari ilikuwa imenikalia. Nyumbani tulikuwa na cherehani ya umeme ambayo mama watoto alikuwa ameacha kuitumia. Kwa macho ilikuwa safi, lakini ilikuwa na ugonjwa. Ukishona dakika kumi iko sawa. Ikifika nusu saa na kupata moto, inaanza kuruka mishono na kukata uzi. Fundi alikuwa ametuambia kuna kipuri kimelika, na sisi tukaiweka kando.

Nilishona mstari mmoja mnyoofu kwenye kitambaa cheupe, nikaupiga picha, nikaandika: "Cherehani ya umeme, iko safi, inashona vizuri." Mama watoto akasoma, akaniuliza, "Baba, umewaambia ile shida yake?" Nikamjibu, "Wakiuliza nitawaambia." Hakuna aliyeuliza. Mtu atauliza vipi juu ya ugonjwa ambao hajui upo?

Kuna la pili, na hili ndilo lilinifanya nione aibu zaidi. Bei ilipanda ikasimama kwa 8,500, na aliyeitaja alikuwa dada mmoja wa Kitale. Ilikuwa imebaki robo saa hivi. Mpwa wangu yuko kwenye hilo grupu. Nikampigia simu nikamwambia, "Hebu taja 10,000 uichangamshe kidogo." Akataja. Yule dada akapanda 10,500. Mpwa wangu akasema 11,000. Dada akasema 11,500, na saa tatu ikafika. Mpwa wangu siku hiyo hakuwa na hata shilingi mia tano. Yule dada alikuwa anashindana na upepo, na upepo wenyewe nilikuwa mimi.

Mzigo ulipofika aliijaribu kidogo, ikashona, akaandika mbele ya watu wote: "Nimepokea. Muuzaji ni mwaminifu, Mungu amzidishie." Mimi nikaweka chini ya maneno yake ile alama ya mikono ya kuomba. Mikono ya kuomba, wapendwa!

Kalamu ilipokwama

Tarehe 31 Desemba mchana nilikuwa nikitayarisha neno la kesha ya kuvuka mwaka. Nilikuwa nimeshaandika ushuhuda wangu, jinsi Bwana alivyonifungulia mlango wa karo wakati sikujua nitaipata wapi. Kalamu ikakwama hapo. Sikusikia sauti kwa masikio, lakini swali lilikuja moyoni wazi kabisa: huo mlango niliufungua mimi, ama uliufungua wewe? Nikajaribu kutafuta ushuhuda mwingine. Nikashindwa. Nikachukua simu nikampigia yule dada.

Nilijitambulisha kama mtu aliyemuuzia cherehani. Kabla sijaendelea akasema, "Aki asante kwa kupiga. Nilitaka kukupigia, lakini nikasema pengine hata wewe hukujua." Akanieleza. Yeye hushona sare za shule. Alikuwa amepokea malipo ya kwanza ya watoto 14, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Siku ya tatu cherehani ikaanza kuruka mishono. Tangu hapo alikuwa akiazima cherehani ya jirani usiku, jirani akishalala, na kushona mpaka alfajiri.

Nikamuuliza kwa nini hakuandika kwenye grupu kwamba nimemuuzia mbuzi kwenye gunia. Alisema, "Niliona picha yako na watoto wako kwenye hiyo namba yako. Nikawaza, baba mwenye watoto hawezi kufanya hivi akijua. Sikutaka kukuharibia jina kwa jambo ambalo huenda hukulijua."

Mimi nilikuwa nimemwona kama namba ya simu yenye pesa. Yeye aliniona kama baba wa watoto. Mwenye nia njema katika biashara ile alikuwa mmoja tu, na hakuwa mchungaji.

Picha ndiyo mizani ya leo

Soma Mambo ya Walawi 19, mwishoni. Mungu anawakataza watu wake kudanganya katika kupima urefu, uzito na ujazo, na anawaamuru wawe na mizani ya haki. Halafu, mahali ambapo wewe ungetarajia atishie adhabu, anawakumbusha kwamba yeye ndiye aliyewatoa Misri. Kwa nini Misri? Kwa sababu hawa ni watu waliowahi kunyanyaswa. Walijua uchungu wa kufanya kazi na kupunjwa. Mungu anawaambia: mimi nilikutoa mahali pa kuonewa, usiende sokoni ukawe Farao wa mwenzako.

Sasa mtu atasema, "Pastor, mimi sina mizani, nauza viatu kwa simu." Unayo. Picha yako ndiyo mizani. Maneno matatu unayoandika chini ya picha ndiyo mawe ya kupimia. Ukigeuza kiatu ili upande uliochanika usionekane, umeshika mizani kwa kidole. Ukichukua picha ya gauni la mtu mwingine kwenye intaneti na kusema ni lako, hilo si pambo la biashara, ni jiwe la uongo mfukoni. Mshono niliopiga picha ulikuwa mshono wa kweli. Nilidanganya kwa kutumia ukweli, na nafikiri huo ndio uongo tunaoupenda sana sisi watu waliookoka, kwa sababu mtu hawezi kutushika nao.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kile kibaya changu nilikitembeza vizuri.

Mnunuzi naye ana mizani

Wanunuzi msikae mkisema amina tu kwa sauti kubwa. Mithali 20:14 haimhusu muuzaji, inamhusu mnunuzi. Mfalme Sulemani anamwonyesha mtu anayesimama mbele ya bidhaa akiisema vibaya, haifai, haina maana, halafu akishaipata kwa bei ya chini anaondoka akijigamba. Huyo mtu alikuwepo zamani hizo kabla ya simu, na leo yuko kwenye grupu lako.

Sisemi usiombe kupunguziwa. Kupatana bei ni mazungumzo, na biashara haigombi. Nasema juu ya mambo haya mnayoyajua. Kuna mnunuzi anayetaja bei ya juu, anashinda mnada, halafu anazima simu, na muuzaji ameshawakataa wengine wote. Kuna anayetuma ujumbe wa M-Pesa wa kutunga, mama anatoa mzigo akidhani amelipwa. Kuna anayelipa kweli, anapokea mzigo, halafu anaomba pesa zirudishwe akisema alituma kwa makosa. Kuna anayenunua gauni Ijumaa, analivaa harusini Jumamosi, na Jumatatu analirudisha akisema halimtoshi. Jumamosi lilitosha!

Mtazame Abrahamu katika Mwanzo 23. Amefiwa na mkewe Sara, anatafuta mahali pa kumzika. Efroni anasema atampa shamba bure, na katika maneno hayo anataja thamani yake, shekeli 400 za fedha. Abrahamu hakusema, "Si umesema bure?" Hakulidharau shamba. Alipima fedha yote, kwa kipimo kilichokubalika na wafanyabiashara, mbele ya watu waliokuwa langoni pa mji. Alikuwa mgeni katika nchi ile, na alitaka pasiwe na mtu wa kusema baadaye kwamba mtu wa Mungu alichukua kitu kwa ujanja. Wewe unapolipa, watu wanaojua umeokoka wanasemaje?

Sifa za watu hazitoshi

Kuna kisa kimoja cha kweli kilichonifundisha. Mwaka 1995, katika jimbo la California kule Marekani, kijana anayeitwa Pierre Omidyar alianzisha mnada wa kwenye intaneti, ule ambao baadaye uliitwa eBay. Kati ya vitu vya kwanza kuuzwa pale kilikuwa kile kitu kidogo cha mwanga wa leza, cha kuelekezea ukutani mtu akifundisha. Kilikuwa chake mwenyewe na kilikuwa kimeharibika. Kilinunuliwa kwa dola 14.83. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe alishangaa, akamwandikia mnunuzi kuhakikisha ameelewa kwamba ni kibovu. Mnunuzi akajibu kwamba yeye hukusanya vibovu vya aina hiyo.

Umeona? Soko lililokuja kuwa kubwa namna hiyo lilianza na kitu kibovu ambacho mwenyewe alisema ni kibovu. Kasoro iliyosemwa haikuzuia biashara. Mimi niliogopa kwamba nikisema ukweli nitakosa mnunuzi. Pengine kuna fundi mahali fulani angeitaka ile cherehani jinsi ilivyo, kwa bei yake ya haki.

Mwaka uliofuata, 1996, Omidyar aliweka mahali ambapo wanunuzi na wauzaji wangeandikiana hadharani, mtu akisifu au akilalamika. Ilisaidia sana, kwa sababu wageni walipata mahali pa kuanzia kuaminiana. Lakini moyo wa binadamu ni moyo. Baadaye watu wengine walianza kuogopa kusema ukweli, kwa kuwa ukimwandika muuzaji vibaya naye anakuandika vibaya kulipiza. Ilipofika 2008 kampuni hiyo iliwaondolea wauzaji nafasi ya kuwaandika wanunuzi vibaya.

Najifunza nini hapo? Kwamba sifa za hadharani ni nzuri, lakini haziwezi kuwa dhamiri yako. Mimi nilikuwa na sifa kwenye grupu: "muuzaji ni mwaminifu." Aliyeiandika hakudanganya. Alikuwa mtu mwema anayemsema vizuri mtu aliyemdanganya. Watu husoma kilichoandikwa chini ya picha. Mungu anasoma kilichoachwa nje ya picha.

Nia njema si ujinga

Msije mkatoka hapa mkasema Pastor ametuambia tuamini kila mtu. Bwana Yesu aliwaambia wanafunzi wake wawe na busara ya nyoka pamoja na upole wa hua. Angalia salio lako la M-Pesa kabla ya kutoa mzigo, usitegemee ujumbe peke yake. Kitu cha bei kubwa, mkutane mahali penye watu, ama mtume mtu mnayemwamini akakikague. Ukiibiwa, piga ripoti. Nia njema haikatazi kuuliza maswali.

Yule dada hakuwa mjinga. Alikuwa na mpango wa kunipigia. Alichofanya ni kunipa nafasi ya kujieleza kabla ya kunihukumu mbele ya watu. Alianza kwa kunidhania mema. Na mimi kama muuzaji nilipaswa kuanza kwa kumwambia ukweli. Watu wawili wasioonana hawana njia nyingine ya kuwa majirani: mmoja aseme kweli kabla hajaulizwa, na mwingine adhanie mema kabla hajashtaki.

Zakayo hakusubiri kuambiwa

Siku ile ile nilimtumia 3,000, zile za upepo. Nikamwambia achague: anirudishie cherehani nimrudishie pesa zake zote, au nimlipe fundi. Akachagua fundi, maana hakuwa na muda wa kutafuta cherehani nyingine. Fundi wa Kitale alitaka 1,800, nikalipa. Ukitoa hizo zote kwenye 11,500 unabaki na 6,700. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya kweli ya ile cherehani tangu mwanzo, na mimi nilijua.

Karo ikapungua. Mtoto alikwenda shule na nusu, na mimi nikaenda naye kuomba muda kwa mwalimu mkuu. Si jambo la kufurahisha. Nilimwomba mpwa wangu msamaha pia, kwa sababu nilimfundisha kudanganya kwa faida yangu. Halafu nikaandika kwenye grupu yote niliyofanya. Mmoja akacheka. Mwingine akauliza, kama mchungaji anafanya hivi, sisi wengine je? Sikuwa na jibu, ila kusema ni kweli nilifanya na nimerudisha. Usiku ule kwenye kesha nilitoa ushuhuda, lakini haukuwa ule niliouandika mchana.

Katika Luka 19, Zakayo alisimama mwenyewe akasema atamrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Biblia haisemi Yesu alimdai. Yesu aliingia tu nyumbani, na zile pesa zikakosa mahali pa kukaa. Wapendwa, kuna pesa ambayo haiwezi kukaa nyumba moja na Yesu. Usiitolee fungu la kumi ukidhani umeitakasa. Irudishe kwa mwenyewe.

Tufanye nini juma hili

Muuzaji: picha ya kwanza iwe ya kasoro. Andika imechanika wapi, imetumika miaka mingapi, fundi alisema nini. Usiweke mtu wa kukupandishia bei. Mnada ukifungwa, mpe aliyeshinda kwa bei iliyoshinda, hata akija mwingine na zaidi asubuhi.

Mnunuzi: taja bei uliyo nayo mfukoni. Ukipokea kitu kizuri, sema hadharani, maana sifa ya kweli ni mkate wa mtu. Ukipokea kibaya, mpigie mwenyewe kwanza kabla ya kuandika kwa watu mia mbili.

Na kama kuna mtu umemkumbuka unaposoma haya, namba yake bado iko kwenye simu yako. Mpigie kabla ya Jumapili.

Mwezi wa pili yule dada alinitumia picha: watoto wawili ndani ya sare mpya, na nyuma yao ile cherehani juu ya meza. Chini aliandika: "Sasa inashona siku nzima." Safari hii sikuweka ile alama ya mikono. Nilipiga magoti.

Tuombe

Baba, wewe unawaona muuzaji na mnunuzi hata wasipoonana. Tusamehe kwa yale tuliyoyaficha nje ya picha. Tupe ujasiri wa kurudisha, na moyo wa kuwadhania wenzetu mema. Bariki kazi za mikono yetu ili mkate tunaokula usiwe na machozi ya mtu. Katika jina la Yesu, amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kwa nini Mungu anataja Misri anapozungumza juu ya mizani?
2. Je, kunyamaza juu ya kasoro ni uongo ikiwa mnunuzi hakuuliza?
3. Ni lini ulimhukumu muuzaji au mnunuzi kabla ya kumsikiliza?
4. Kuna kitu unachopaswa kurudisha? Nani atasimama nawe katika maombi unapokirudisha?